Siku Nne Nyuma ya Treni ya Mizigo, Tororo hadi Jinja

Siku ya kwanza: Tororo

Basi la usiku lilinishusha Tororo saa kumi na moja alfajiri, mwamba bado haujaonekana. Mwamba wa Tororo uko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyekulia hapa huutafuta kwa macho kabla hajatafuta chai. Ulipoanza kutokeza, mpwa wangu naye akatokeza na bodaboda yake, mpira wa kufungia mizigo umening'inia nyuma.

"Mjomba, panda haraka. Treni haingoji."

Nikamwambia treni ya mizigo inangoja kuliko bwana aliyekuja kuposa. Akacheka, lakini alikuwa hajaijua bado.

Mpango ulikuwa kuchagua treni moja inayokwenda upande wa Kampala na kuifuata kwa pikipiki hadi Jinja, tukiipiga picha inapopita mashambani. Shida ni kwamba treni hii haina ratiba ya kubandikwa ukutani. Inaondoka Malaba, mpakani, ikishapokea mabehewa yaliyotoka Kenya, na hapo kuna forodha, kuna kutafuta kichwa kizima cha kuivuta, kuna kusubiri njia iwe nyeupe. Reli ni moja tu. Treni mbili hazipishani ila stesheni yenye njia ya pembeni, kwa hiyo moja ikichelewa, na ile inayotoka upande wa pili inakaa inaingoja.

Haya nayajua kwa sababu mimi ni mtoto wa kota za reli. Marehemu baba alikuwa pointimani: anavuta mtaimbo unaoipeleka treni njia hii au ile, mchana ana bendera ya kijani, usiku ana taa. Alipoajiriwa, reli ilikuwa ya nchi tatu. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, alilala mtumishi wa Afrika Mashariki akaamka mtumishi wa Uganda, mtaimbo ni ule ule. Kwenye kota tulikuwa Wapadhola, Wateso, Wagisu na Waluo wa ng'ambo, na foleni ya bombani iliongea Kiswahili. Mpaka leo nikihesabu kichwani nahesabu kwa Kiswahili, hasa nikihesabu mabehewa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu ya nyumbani. Kila treni ikipita unahesabu, na jioni baba anauliza. Ukikosea hupigwi, ila utaulizwa tena kesho mbele ya wageni.

Stesheni tulikwenda kwanza kuomba ruhusa. Mkuu wa zamu alitusikiliza huku anaandika, kisha akasema maneno matatu: msiingie katikati ya mabehewa, msimpige picha askari, na mkiona mtu ana bunduki muulizeni kabla hajawauliza. Ushauri mzuri, na tuliukumbuka siku ya nne.

Tororo ndipo reli zinapoachana. Moja inashika kaskazini kupitia Mbale, Soroti na Lira hadi Gulu na Pakwach, ambako ilifika mwaka 1964. Kipande cha Tororo hadi Gulu, kilomita 375, kilikuwa kimelala miaka mingi kabla ya kuanza kukarabatiwa. Yetu ni ile nyingine, ya Jinja na Kampala. Reli zote hizi ni za upana wa mita moja kamili, na hiyo mita moja ndiyo inayoipa treni sura ya kitu kikubwa kilichopanda juu ya kibao chembamba.

Kuhusu jua. Ramani ikionyesha reli inakwenda magharibi, asubuhi jua linaipiga treni mgongoni na uso wake unabaki kivuli. Mchana wa saa sita liko utosini na kila kitu kinakuwa bapa. Kuanzia saa tisa ndipo linaingia usoni mwa dereva, na hapo ndipo pa kupigia. Halafu tuko Julai, na huku kwetu karibu na mstari wa ikweta jua la Julai hupita kaskazini. Kwa hiyo simama kaskazini mwa reli. Nilimweleza mpwa wangu yote haya kwa fahari ya mtu mwenye kamera. Akauliza, "Na mawingu yakija?" Sikuwa na jibu.

Treni ilikuja saa tisa na robo. Kichwa kimoja, cha zile namba zinazoanzia 73 zilizoundwa Ujerumani na Henschel, rangi imechujuka lakini mlio mzito, kifuani unausikia. Nyuma yake makontena, mengine marefu ya futi arobaini, mengine mafupi yamepandishwa mawili mawili, na mabehewa machache yaliyofungwa. Ilikaa karibu saa mbili huku mabehewa yanapangwa upya, tukapata muda wa kutoka nje ya mji na kuchagua kona yetu kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kukauka.

Ilipotokea, mwamba uko begani mwake na jua linaipiga usoni. Nilipiga picha kumi na moja, na ya nne ndiyo niliyoifuata Tororo. Dereva alinyanyua mkono.

"Kumi na nane," nikasema behewa la mwisho lilipopotea.

"Kumi na tisa, mjomba."

"Mimi nimezaliwa kwenye kota."

"Lakini jicho moja ulikuwa umelifumba."

Tukawekeana roleksi: atakayekosea atamnunulia mwenzake chapati na mayai Jinja.

Siku ya pili: Nagongera

Tulidhani treni imetuacha. Tulilala Nagongera ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na hapo si pa kufanya mzaha, maana Nagongera watafiti wa malaria wamepiga kambi miaka mingi wakihesabu mbu kama sisi tunavyohesabu mabehewa. Asubuhi tukaenda stesheni kuuliza imepita saa ngapi. Tukaikuta. Imesimama pale pale, umande juu ya makontena.

Beringi ya behewa moja ilikuwa imechemka. Gurudumu la reli likikosa mafuta, ekseli inasagana hadi inatoa moshi, na ukiendelea kuivuta inakatika, treni nzima inaanguka. Gadi, msimamizi wa treni, aliona moshi njiani, wakaingia Nagongera pole pole kama wanaobeba mgonjwa. Usiku huo wakalikata lile behewa na kulisukuma njia ya pembeni, na kontena lake juu. Sasa walikuwa wanangoja treni nyingine itoke upande wa Jinja ipite kwanza. Itafika lini? Gadi akaangalia angani.

Kwa hiyo Nagongera tukakaa. Na hapa ndipo nilipojua kwamba ratiba niliyoitafuta ukutani Tororo ilikuwepo siku zote, ila imetawanywa kwa watu.

Kuna mama anayeuza chai na mandazi karibu na reli. Hana saa. Treni ikipiga honi kwenye kivuko cha mbali anabandika maji. Ikipiga ya pili anatia majani. Wafanyakazi wa treni wakishuka, chai iko tayari. Nilimuuliza inakuwaje siku ambayo treni inapita bila kusimama. "Nakunywa mwenyewe," akasema.

Jirani yake ameanika mahindi kwenye turubai kando ya tuta, hatua mbili tu kutoka mwisho wa mataruma, zile nguzo zinazolala chini ya reli. Julai ni mavuno ya msimu wa kwanza, na tuta la reli ni pahali pakavu palipoinuka, maji hayatuami. Nikamuuliza haogopi upepo wa treni kumwaga mahindi? Akanionyesha mawe manne kwenye pembe za turubai. Yale madogo ni ya upepo wa kawaida. Mkubwa mmoja huongezwa akimwona mama wa chai anabandika maji.

Kijana mmoja anachunga ng'ombe wa watu watatu. Yeye haangalii honi wala maji, anaangalia mbwa wa stesheni, anayeinuka kabla binadamu hajasikia kitu.

Alikuwepo na mzee aliyefanya kazi kwenye genge la reli, wale wa kushindilia kokoto na kukaza misumari. Alituambia reli ya zamani ina mataruma ya chuma, na chuma kimekuwa laana yake, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi kimetoka wapi. "Zamani tukijilinda na simba," akasema, "siku hizi tunalinda reli dhidi ya mtu mwenye gunia." Nilimtajia baba yangu. Alifikiri kidogo, akasema hakumjua, na nilishukuru kwamba hakunidanganya kunifurahisha.

Treni ya kutoka Jinja ilipita saa nane. Yetu haikuondoka. Sababu sikuelezwa na sikuiuliza mara ya pili.

Nikafanya kosa langu hapo. Nikasema tuitangulie. Mbele ya Busolwe reli inateremka kwenye kinamasi cha Mto Mpologoma, na picha niliyoitaka kuliko zote ilikuwa hiyo: tuta limekatiza mafunjo, maji huku na huku, treni katikati, jua la saa kumi na moja. Mpologoma maana yake ni simba, na mto wenyewe unatambaa hadi Ziwa Kyoga bila haraka yoyote. Tukapita mashamba ya mpunga ya Butaleja, watoto wanafukuza ndege kwa makopo, tukafika saa kumi, nikafunga kamera kwenye miguu yake mitatu. Saa kumi na moja, hakuna. Saa kumi na mbili, mvua. Saa moja kasoro usiku tulikuwa tunakula kikomando, chapati iliyokatwakatwa juu ya maharage, chini ya bati linalovuja.

Siku ya tatu: Mpologoma, Busembatya

Saa kumi alfajiri nilisikia honi.

Nilitoka nje bila viatu. Ukungu, giza, taa moja ya njano inayotambaa juu ya maji, halafu tuku-tuku, tuku-tuku ya magurudumu kwenye maungio ya reli, behewa baada ya behewa. Nilijaribu kuhesabu kwa masikio, kama baba alivyoweza, nikafika saba nikapotea. Picha niliyoipata ni nyeusi tupu yenye nukta ya njano. Mpwa wangu aliitazama kwa heshima, akasema inafanana na sigara.

Tukazunguka kwa barabara hadi Namutumba, matope hadi magotini. Njiani nilisimama kupiga picha ya kilima chenye mihogo na reli chini yake, na ndani ya dakika kumi tukazungukwa na watu. Kamera, koti lenye mifuko mingi, daftari: wakajua sisi ni wapimaji wa reli mpya. Maana ipo reli mpya inayokuja, ya upana wa milimita 1,435, kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Serikali ilitia saini na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki Oktoba 2024. Mashambani hapa habari hiyo haina kilomita, ina maswali. Fidia ya mwembe ni ngapi? Kaburi la babu linahesabiwaje? Mama mmoja alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye kahawa zake, akazihesabu mbele yangu moja moja ili nisije nikasema zilikuwa chache.

Aliitwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Alijua Kiswahili vizuri, alikuwa askari zamani. Nikamwonyesha picha zangu: treni, treni, mahindi, treni, ng'ombe, sigara.

"Wewe unafuata treni tu?"

"Ndiyo, mzee."

"Bila kulipwa?"

"Bila."

Akawageukia watu akawaeleza kwa Kisoga. Sikuelewa maneno, ila nilielewa kicheko. Tukaruhusiwa. Yule mama wa kahawa hakucheka, na sura yake nimerudi nayo; niliondoka naye akiwa bado amesimama kati ya miti yake.

Busembatya tuliikuta treni! Imesimama, nayo inangoja. Zamani reli kuu haikuelekea Jinja moja kwa moja kama leo. Ilizunguka hadi Mbulamuti ikaungana na ile reli ya Busoga ya mwaka 1912, iliyotoka Jinja kwenda Namasagali kubeba pamba. Hiyo ilishakufa. Lakini Busembatya bado ina tabia ya mji wa stesheni: maduka yamegeuzia reli uso, barabara imepewa mgongo.

Mchana ule nilipata picha nzuri kuliko zote, na sikuipanga. Treni iliyotoka upande wa Kampala iliingia na makontena matupu. Unayajua matupu kwa mlio, yanagonga kama masufuria. Kwa dakika mbili treni zote mbili ziko sambamba, na katikati yake, kwenye uchochoro wa hatua tatu, mwanamke anapita na beseni la ndizi kichwani, hageuki kulia wala kushoto, anauzia madirisha ya vichwa vyote viwili. Dereva wa huku anapokea kwa mkono wa kulia, wa kule kwa mkono wa kushoto. Nilipiga nikiwa nje ya njia, kwa lenzi ndefu, kama tulivyoagizwa.

Kuhesabu hatukuweza, ile tupu ilikuwa imetuziba.

Iganga tulipita tu. Tulikula, tukatia mafuta, mpwa wangu akabadilisha tyubu.

Siku ya nne: miwa, kisha Jinja

Kutoka Iganga kuja Jinja ni miwa. Miwa kulia, miwa kushoto, na mchana trekta zenye matrela mawili zinakwenda kiwanda cha sukari cha Kakira huku watoto wanakimbia nyuma kuchomoa fito. Nilitamani treni itokeze humo, moshi juu ya kijani. Lakini tulipouliza kabla hakujakucha, muuza miwa akasema imepita jana jioni, jua linazama, "nzuri sana, ungeiona." Nilimshukuru kwa taarifa.

Imelala Jinja, basi. Itavuka Nile asubuhi. Tukaendesha gizani na kufika upande wa Njeru, ng'ambo ya Nile, saa kumi na mbili na nusu, kunakucha. Daraja la reli la Jinja lilifunguliwa mwaka 1931, na ndilo lililoifikisha treni Kampala kwa nchi kavu. Kabla yake mizigo ya Kampala ilipanda meli Kisumu ikavuka ziwa. Chini kidogo mtoni kuna daraja jipya la nyaya la mwaka 2018, mita 525, linang'aa kama kinubi. La reli ni chuma cheusi na misumari, na mimi nalipenda zaidi, lakini mimi si shahidi wa haki.

Nilikuwa bado sijafungua mkoba nilipomwona. Kofia, bunduki, thermosi ya chai.

"Jambo, afande."

"Jambo. Hapa hakuna picha."

"Ndiyo, afande. Tulikuja kuuliza."

"Mmeuliza. Hakuna."

Sikubishana. Tumetoka Tororo kwa siku nne, tumelala chini ya bati bovu, na picha ya mwisho, treni juu ya Nile, imekatwa kwa neno moja. Nikafunga zipu. Kisha mpwa wangu, ambaye siku zote hizi hakuwa na haya hata kidogo, akauliza, "Afande, na kuhesabu je?"

"Kuhesabu nini?"

Akamweleza habari ya dau. Afande alimsikiliza hadi mwisho, akamimina chai kwenye kifuniko, akasema kuhesabu hakujakatazwa.

Ilikuja saa moja na robo, pole pole kabisa kama inavyopaswa darajani, honi moja ndefu juu ya maji. Tulisimama watatu, mikono mitupu. Moja, mbili, tatu. Afande alihesabu kwa sauti, kijeshi, na sisi kimoyomoyo. Ukungu wa mto ulikuwa chini ya magurudumu na makontena yalipita moja moja yakilowa mwanga kwa nyuma, na sina picha ya hata moja.

"Kumi na nane!" afande akatangaza.

"Kumi na nane!" nikaruka. "Nilisema! Mtoto wa kota!"

Mpwa wangu alinitazama kwa huruma.

"Mjomba. Na lile lililobaki Nagongera?"

Nilifungua kamera, nikiwa nimeielekeza chini ili afande aone sipigi, nikarudi kwenye picha za Tororo. Ya nne, ile nzuri. Nyuma kabisa, miembe imefunika mkia wa treni, na katikati ya majani kuna kipande cha bluu, kona ya kontena.

Kibanda cha roleksi kilikuwa hatua chache tu kutoka pale, kijana anawasha mkaa.

"Mayai mawili," mpwa wangu akamwagiza.

"Yangu matatu," akasema afande, "na usiweke nyanya."